Kadi ya Tayari

Bweni la Pili,
9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na pasi kubwa ya dukani imeacha kurusha cheche. Mimi ni mzima ila njaa, na hiyo njaa usimwambie mama, maana ataanza kulia kisha atapanda basi. Bibi goti lake linaendeleaje? Mwambie ile sweta aliyonifumia naivaa, ingawa mkono mmoja umekuwa mrefu kuliko mwenzake. Naukunja.

Simu tumenyang'anywa langoni, zimefungiwa kabatini kwa mwalimu wa nidhamu mpaka likizo kubwa. Ndiyo maana unaona mwandiko huu kama kuku amepekua. Masomo ni umeme wa majumbani, na wiki ya kwanza yote tulifundishwa kutoshika kitu. Chumbani tuko wanane, na mimi nimekuwa mtu mkubwa kwa sababu moja tu: hakuna mwingine anayejua kupiga pasi kola. Niliwaambia nimekulia kwenye duka la dobi, wakacheka, halafu wakaleta na suruali.

Sasa mjomba, kuna jambo. Si langu. Kuna rafiki yangu hapa, kijana mzuri tu, ana miaka kumi na saba kama mimi, na kuna msichana anampenda. Wanasoma karakana moja. Wenzake wanamwambia amechelewa, eti mwanamume wa umri wake anayeishia kushika mkono ni sawa na mtu anayekunywa chai kwa uma. Wengine wanasema wao hayo wameshayamaliza zamani. Mmoja anasema asipofanya hima, msichana atachukuliwa na mtu anayejua anachotaka. Basi ananiuliza mimi: mtu anajuaje kwamba yuko tayari kwa jambo lile? Kuna dalili? Nikakumbuka kwamba wewe umeishi mengi.

Nijibu upesi, rafiki yangu hana raha.

Mpwa wako,
Kifungo


Dukani,
2 Machi

Kifungo wangu,

Marahaba. Barua yako imechukua wiki mbili na ushee, na imefika ikiwa na duara la kikombe cha chai juu ya jina langu, kwa hiyo kuna mtu posta amekaa nayo vizuri. Sisi hatujambo. Bibi yako goti linamsumbua asubuhi tu. Jioni anasimama dirishani kutazama majirani kwa miguu yote miwili. Mama yako amepangiwa zamu ya mchana, kwa hiyo sasa anakuja kunigombeza saa nne asubuhi. Pasi bado inarusha cheche. Inakungoja wewe, fundi wa kutoshika kitu.

Huyo rafiki yako, ana kovu chini ya kidevu? Alimeza kifungo cha koti la hakimu akiwa na miaka mitatu, tukakingoja siku mbili kitoke? Kama ndiye, msalimie sana. Mwambie hakimu alilivaa koti lake mpaka akastaafu, na mpaka leo hajui.

Haya, tuache utani. Unaikumbuka ile rafu ya upande wa kulia ukiingia, yenye kadi ngumu iliyoandikwa TAYARI? Babu yako aliiandika mwenyewe kwa wino mwekundu. Alikuwa na sheria moja: nguo haiwekwi kwenye rafu ile mpaka mtu aguse mishono kwa mgongo wa kiganja. Asiguse kifuani, maana kifuani shati hukauka mapema, likakudanganya. Unyevu hujificha kwapani, ndani ya kola, chini ya kiuno cha suruali pale kitambaa kilipokunjwa mara mbili. Ukiikunja nguo katika hali hiyo, kwa nje inapendeza, na baada ya siku tatu inanuka. Nimeona watu wazima wakirudisha suti huku machozi yanawalenga.

Mwambie rafiki yako aguse mishono. Anaweza kulizungumza jambo hilo na huyo msichana mchana kweupe, bila kutazama viatu? Anajua kuna mimba na kuna maradhi, na wamekaa chini wakaambiana watajikinga vipi? Na siku ya pili yake, atakuwa na hamu ya kumwona, au atakuwa na haraka ya kwenda kusimulia? Akikuta mahali pamoja tu pana unyevu, asubiri. Kusubiri hakujamuua mtu.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kitu kingine. Barua yako nimeisoma mara mbili. Wenzake wanasema hivi, wengine wanasema vile, mmoja anasema atachukuliwa. Kurasa mbili nzima, na msichana mwenyewe hajafungua mdomo. Yeye anasemaje?

Kuhusu mimi kuishi mengi, nimeishi nguo za watu tu. Wateja wameingia, naishia hapa.

Mjomba wako


Bweni la Pili,
30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Kovu analo.

Nilijua utajua, lakini nilitaka kwanza nipite kwa miguu ya mtu mwingine. Pole kwa zamu za mama. Mwambie nimekula, hata kama sijala.

Msichana mwenyewe huku tunamwita Rula, kwa sababu ni mrefu, na kwa sababu hakuna anayeweza kumpinda. Karakana nzima wasichana ni watatu, na kwa kulehemu anatushinda wote, pamoja na mwalimu, ila mwalimu hajui. Siku ya kwanza alinikuta nimeunganisha waya za taa kinyume. Hakunisema mbele za watu. Alikohoa tu, akakohoa tena, mpaka nikatazama kazi yangu nikaona. Tangu siku ile akikohoa moyo unanidunda, hata akiwa na mafua ya kweli. Saa kumi tukitoka tunakaa ngazi za nyuma, ananielekeza nilichokosea, na mimi namshika mkono. Mkono wake unanuka moshi wa kulehemu. Sijui kama duniani kuna harufu nzuri zaidi.

Barua yako ilinikaa. Nilimaliza siku nne nikijikaza kisabuni, ya tano nikamuuliza. Ilikuwa mchana kweupe, ila viatu nilivitazama kidogo. Nikamwambia wenzangu wanasema hivi na hivi, wewe unaonaje? Kisha akasema, "Hao wenzako watakuwepo?" Nikasema hapana. "Basi wanatuhusu nini?" Halafu akanigeukia. "Nakupenda, lakini mimi bado. Nikilifikiria naogopa, na nina mambo nataka kuyafanya kwanza. Na wewe?"

Mjomba, nilifungua mdomo nikajisikia nikisema, "Mimi pia bado." Na ilikuwa kweli! Nilikuwa kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu Januari. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Tukanunua karanga, tukala.

Sasa zamu yako. Mama aliwahi kuniambia hukuoa kwa sababu ya binti wa mwokaji mikate. Nilipotaka kujua zaidi akaanza kukung'uta zulia. Ndiye yule mama mwenye duka la mikate pale kona, yule asiyecheka? Ilikuwaje?

Kuna kitu kidogo kilitokea jana kwenye sinki za kufulia, lakini si kitu.

Kifungo


Dukani,
21 Aprili

Kifungo,

Marahaba. Bibi yako amekufumia sweta nyingine. Safari hii mikono inalingana, ila shingo haipiti kichwa. Tangi la maji moto limepasuka, tunachemsha kwa mapipa uani, na macho yangu yamekuwa mekundu kama ya mlevi. Mama yako anasema ni adhabu ya kutooa.

Nimefurahi kuhusu Rula. "Hao wenzako watakuwepo?" Nimelirudia swali hilo peke yangu dukani, nikacheka mbele ya mteja aliyeleta nguo za msiba. Msichana mwenye swali kama hilo usimpoteze.

Kuhusu lile ulilouliza mwishoni, karatasi imeniishia.

Ni kitu gani kilitokea kwenye sinki? Mteja akiniambia "si kitu, ni doa dogo tu", mimi hukunja mikono ya shati kabisa.

Mjomba


Bweni la Pili,
18 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Karatasi yako ilikuwa na nusu nzima tupu. Niliigeuza nikidhani umeendelea nyuma.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa naona haya. Msalimie bibi, na mama usimwambie lolote katika haya.

Jumamosi ndiyo siku yetu ya kufua. Sinki ziko sita, mabomba yanayotoa maji ni mawili, foleni inafika mlangoni. Ile Jumamosi nilikuwa nasuuza shati la mwisho. Mwenzetu mmoja wa chumbani, tunamwita Spika kwa sababu hajui kunong'ona, akapaza sauti nyuma yangu: "Vipi, tayari?" Nikasema, "Tayari." Nakuapia, nilidhani anaulizia sinki. Akaongeza, "Wewe na Rula?" Foleni nzima ikageuka. Kelele zikalipuka. Walinipigapiga mgongoni, mtu akanipa mche mzima wa sabuni. Na mimi nikasimama pale, shati linachuruzika maji, nikatabasamu. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilitabasamu tu.

Kwa siku kadhaa nilikuwa mfalme. Sitakudanganya, ilikuwa tamu. Kwa Rula sikugusia, nikajua ni maneno ya bafuni, yataishia bafuni.

Yakavuka ukuta. Baada ya likizo fupi ya Aprili, ambayo sisi wa mbali tulibaki bwenini, alifika karakana akakuta mtu ameandika TAYARI kwa chaki juu ya meza yake. Hakufuta. Alifanya kazi juu ya maandishi yale siku nzima, akaondoka na chaki kwenye mikono ya koti lake. Tangu hapo amehamia meza ya mbele kabisa, na hakohoi. Nikikosea, nakosea mpaka mwisho. Nilimngoja ngazini, akapita kwa mlango mwingine.

Sasa matroni wa bweni lao amemwita mara mbili. Wanasema anataka kumwandikia barua ya nyumbani na kumtoa bwenini, na akitoka bwenini hana pa kukaa katika mji huu, kwa hiyo masomo ndiyo basi. Mimi hakuna aliyeniita. Mimi wananipa sabuni.

Nimefikiri sana. Nikinyamaza itapoa. Watu hapa hawakosi habari mpya, wiki ijayo kuna mechi. Watasahau, sivyo mjomba? Niambie watasahau.

Kifungo


Dukani,
5 Juni

Kifungo,

Hawasahau.

Barua hii nimempa dereva wa basi la asubuhi mkononi mwake, akuletee mpaka langoni, kwa hiyo salamu ni fupi: sote wazima. Karatasi haikuniishia. Kaa chini nikueleze.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Duka lilikuwa hili hili, ila kuta zilikuwa za kijani, na babu yako alikuwa hai, akiimba kwa pua kila akipiga pasi. Kila Alhamisi masomo yakiisha, binti wa mwokaji mikate alileta aproni za baba yake, zimefungwa ndani ya shuka, na yeye mwenyewe ana unga kwenye nyusi. Alikuwa anacheka, Kifungo. Wewe unamjua asiyecheka. Mimi namjua aliyekuwa akicheka mpaka anashikilia meza asianguke.

Nyuma ya duka tulianika mashuka ya nyumba ya wageni kwenye kamba nne, na kati ya kamba ya pili na ya tatu palikuwa na benchi. Tulikaa hapo, nyeupe huku na nyeupe kule, na upepo ukija mashuka yanatupiga usoni. Yeye alipenda hesabu. Alinifundisha sehemu kwa mkate: nusu, robo, thumni. Kila nilipokosa jibu, kipande anakula yeye. Nilikuwa nakosa makusudi ili nimtazame anavyokula. Mimi nikamfundisha nilichokijua, kugusa mishono kwa mgongo wa kiganja, na akawa hodari kuliko mimi. Mpaka leo, nikinusa mkate wa moto na sabuni mahali pamoja, inanibidi nisimame kidogo.

Jambo lenu hilo na sisi tulilizungumza. Msidhani mmelianzisha ninyi. Yeye alisema, "Siku hiyo nitaijua mimi, na nitakwambia mwenyewe. Usinisukume, na usiniulize kila wiki." Nilikubali kwa moyo mmoja, kwa sababu hata mimi nilikuwa naogopa, ila nilikuwa najifanya mvumilivu. Tulikuwa na raha. Ningemsubiri mpaka nywele ziwe hivi zilivyo sasa.

Basi Alhamisi moja aliondoka kwa kupitia dukani, shuka begani, uso umemchangamka. Vijana wa mtaa walikuwa wamekaa kwenye ngazi za mbele. Walimtazama akipita, wakanitazama mimi mezani, na mmoja wao akainua nyusi. Hakusema neno. Na mimi sikusema neno. Nilinyoosha mkono kwenye rafu, nikaichukua ile kadi ya babu yako, nikaichomeka kwenye mfuko wa shati langu. TAYARI, kwa wino mwekundu.

Walianguka kwa kicheko, nami nikacheka. Kisha nikairudisha upesi kabla babu yako hajageuka. Yote haikuchukua muda wa kukunja leso.

Alhamisi iliyofuata aproni zililetwa na mtu mwingine. Baba yake alikuwa ameshasikia. Alimtoa shule, akampeleka kwa ndugu zake mbali, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama ni kweli. Alikaa huko miaka sita. Aliporudi alikuwa ameshaolewa na kuachika, na kile kicheko hakurudi nacho. Mimi nilikuwa nimejiambia itapoa. Nilijiambia pia kwamba sikusema neno. Hebu fikiria, miaka thelathini na miwili nimejitetea kwa hilo, kwamba sikusema neno! Na kweli ilipoa. Ilipoa ikakaukia na makunyanzi yake.

Duka la mikate sasa ni lake. Aproni bado zinakuja kila Alhamisi, anazileta na kuzichukua mfanyakazi wake. Nazipiga pasi mimi mwenyewe, simwachii mtu. Tukikutana njiani ni "habari" na "nzuri", basi. Nilimpenda, na nilimwuza kwa kicheko cha vijana wanne. Sijawahi kuliandika hilo mahali popote.

Sasa sikiliza. Tabasamu lako na kadi yangu ni kitu kimoja. Jumamosi hii nenda kwenye sinki zile zile, foleni ikiwa ndefu, useme kwa sauti ya kumfikia wa mlangoni. Usimwandikie Rula barua ya kuomba radhi ukaona umemaliza. Ukweli yeye anao. Wasiokuwa nao ni hao wenye sabuni. Ukitoka hapo nenda kwa matroni, kabla hajaandika. Utaaibika. Jikaze kisabuni, kama unavyosema mwenyewe. Aibu yako itakaa wiki mbili tatu. Yake nimekwambia hukaa muda gani.

Na usitarajie akushukuru.

Nimekukasirikia, na nakupenda.

Mjomba


Bweni la Pili,
17 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Dereva wa basi alinikabidhi barua langoni akasema, "Mjomba wako amesema usome ukiwa umekaa." Nilisoma nimekaa, na baadaye nililia nimekaa.

Nilikwenda. Foleni ilikuwa mpaka nje. Nilipanda juu ya karai nililolifudikiza ili wote wanione, karai likateleza, nikaanguka, wakacheka kabla sijasema chochote. Nikapanda tena. Nikasema, "Ile siku niliposema tayari, ilikuwa uongo. Mimi na Rula hatujafanya kitu. Tulizungumza tukaona bado, na hata hilo lilikuwa letu, si la kwenu. Aliyetoa uongo ni mimi, nikautabasamia." Spika akauliza, kwa sauti yake ile, "Kwa hiyo wewe bado?" Nikasema, "Bado." Mjomba, nilidhani paa litaondoka. Kuanzia siku ile Kifungo hajulikani tena huku. Naitwa Bado. Mpishi ananiita Bado. Mwalimu wa hesabu amenisomea Bado kwenye orodha ya majina. Ila usiku ule ule wawili wa chumbani kwetu walinijia kwa zamu, kila mmoja akidhani mwenzake hayupo, wakaniambia hata wao bado.

Yule aliyenipa mche wa sabuni aliudai. Nilikuwa nimeshautumia nusu.

Matroni alinitazama kupitia juu ya miwani mpaka nikahisi jasho magotini. Akaniambia niandike yote na nitie sahihi. Nikaandika. Akafungua droo, akatoa barua yake aliyokwisha kuianza, akaichana vipande vinne. Akaniambia, "Ulikuwa wapi wiki zote hizi?"

Rula anabaki. Nilimkuta ngazini, nikamweleza. Akasema alishasikia, mpaka kwao ilisikika. Akasema, "Umefanya vizuri. Lakini usinisindikize." Akaondoka. Ulinionya, na bado iliniuma.

Jana niliunganisha waya kinyume, na sikufanya makusudi, nilikuwa nawaza. Nikasikia kikohozi kutoka meza ya mbele. Nikarekebisha. Saa kumi nikamkimbilia mlangoni nikamuuliza, "Umenisamehe?" Akasema, "Bado." Nimelala na neno hilo. Bado si hapana, sivyo mjomba?

Sasa na mimi nikuulize. Uliniambia waliosikia uongo ndio wanaotudai ukweli. Wale vijana wa ngazini wako wapi siku hizi? Na aproni, kwa nini arudishiwe na mtu mwingine? Wewe una mikono miwili.

Mpwa wako,
Bado


Dukani,
18 Julai

Bado wangu, au Kifungo, lolote utakalochagua,

Marahaba. Bibi yako ameifumua ile sweta na kuanza upya, anasema kosa lilikuwa kichwa chako. Tangi jipya limefika. Mama yako amesikia habari zako zote, usiniulize kwa nani. Alilia kidogo, akasema umenishinda akili, akaanza kukung'uta zulia.

Barua yako iliniharibia mwezi. Nilianza na kinyozi wa ng'ambo ya barabara, kwa sababu ndiye aliyeinua nyusi siku ile. Sasa ni mzee mwenye kitambi, duka lake halikosi watu watano wanaongoja. Nilisubiri mpaka amenipaka povu uso mzima, nikasema mbele yao, "Ile kadi niliyojichomeka mfukoni miaka ile ilikuwa uongo. Binti wa watu hakufanya lolote." Wembe ukasimama hewani. Wengine hawakujua nazungumzia nini, lakini yeye alijua. Akasema, "Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia baba yake." Kisha akamaliza kuninyoa. Nina alama mbili shingoni.

Kisha aproni. Alhamisi ya kwanza nilifika kona, nikarudi. Ya pili nilifika mlangoni, nikamkuta na wateja, nikajisingizia nimesahau kitu. Jana nilizichukua kumi na mbili zote, nimezipiga pasi mara mbili, nikaingia. Ndani palikuwa na joto la tanuri na trei za mikate ya mwisho. Alikuwa anahesabu mikate kwa midomo, bila sauti, kama zamani. Niliweka bunda mezani, na juu yake nikaweka ile kadi. Pembe zimelika, lakini wino wa babu yako bado mwekundu.

Aliitazama kadi kwanza, akanitazama mimi baadaye. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanipotea. Nikasema, "Nilijichomeka hii mfukoni, wakaona. Wewe hukuwahi kuniambia siku hiyo imefika. Nilikusemea uongo, kisha nikakaa kimya miaka thelathini na miwili. Sina kisingizio. Nimekuja kusema tu."

Hakulia wala hakupiga kelele. Alifuta unga mikononi polepole, kidole kimoja kimoja. Akasema, "Nilikuwa nataka kuwa mwalimu wa hesabu."

Nikasema, "Najua."

"Hujui. Ulikuwa unakosa makusudi, hukuwahi kujua jinsi nilivyokuwa hodari." Mteja akaingia, akanunua mikate miwili, akatoka. Ndipo akasema, "Aproni zangu zinarudi zimepigwa pasi mpaka ndani ya mfuko. Hakuna dobi duniani anayepiga pasi ndani ya mfuko wa aproni. Kila Alhamisi nautia mkono pale nikijisemea, huyu mtu ana neno, na hatalisema mpaka tufe."

Sikumuuliza kama amenisamehe. Wewe una miaka kumi na saba, unaweza kuuliza. Mimi nilishika ukingo wa meza yake nikangoja kufukuzwa.

Alivuta bunda kwake. Akaikunjua aproni ya juu, akageuza upande wa ndani, akaweka mgongo wa kiganja kwenye mshono wa kiuno, vile vile nilivyomfundisha kwenye benchi. Akakiacha pale muda mrefu.

"Hii ina unyevu," akasema. "Zirudishe zote. Alhamisi ijayo uzilete mwenyewe, usimtume mtu."

Nilizikusanya nikatoka nazo. Kifungo, nimekuwa dobi tangu nikiwa na umri wako. Zile aproni zilikuwa kavu kabisa.

Mjomba wako